Nani Alisema Mrundi Hajisemi?

Kuna sentensi moja inayozunguka Bujumbura nzima, kuanzia ofisi za Rohero hadi vijiwe vya kahawa vya Buyenzi, na anayeitamka huitamka kwa fahari: "Mrundi hajisemi." Maana yake ni kwamba mtu aliyelelewa akaleleka hatoi habari zake mwenyewe. Atakujulia hali, atakununulia kinywaji, atazika nawe wafu wako, lakini hatakwambia kwamba anaogopa paka, wala kwamba hajui kuogelea ingawa amekulia kando ya Ziwa Tanganyika, wala kwamba hawezi kula samaki wa mukeke mpaka kichwa chake kiondolewe mezani. Mtu wa kusema mambo kama hayo, wanasema, ni mtoto, au amelewa, au ni Mswahili.

Mimi ni Mswahili wa Buyenzi, na sentensi hiyo naikataa tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Inawasingizia mababu jambo ambalo hawakulifanya, na inawafundisha watoto wetu kuiita hofu kwa jina la adabu.

Ushahidi unaoletwa mara nyingi ni wa semina. Siku hizi ni nadra kuhudhuria semina katika hoteli za mjini isiyoanza na mchezo wa kufahamiana. Mwezeshaji anawaomba washiriki, mmoja baada ya mwingine, wataje jina na jambo moja ambalo wenzao hawalijui. Wa kwanza anasimama: anaitwa fulani, ameoa, ana watoto wanne, anamshukuru Mungu. Wa pili anasimama: anaitwa fulani, ameolewa, ana watoto watatu, anamshukuru Mungu. Zamu zinakwisha na hakuna aliyejua lolote jipya. Wakati wa chai utasikia hukumu ikitolewa: mambo haya ni ya Wazungu, sisi hatukuumbwa hivyo.

Nakubali kwamba swali lile, mahali pale, ni baya. Mkurugenzi amekaa mstari wa mbele, karatasi ya mahudhurio inapita, na kila mmoja anajua kwamba atakachokisema kitafika mtaani kabla yake. Kunyamaza hapo ni akili. Lakini chumba kile hakitoshi kuhukumu asili ya taifa zima, na wanaokitumia hivyo wanarudia kosa la zamani.

Katika miaka ya 1950 mtafiti Mmarekani, Ethel Albert, aliishi Burundi akisikiliza namna watu wanavyozungumza, na mwaka 1964 jarida la American Anthropologist likachapisha makala yake juu ya usemi wa Warundi. Ukiisoma nusu utatoka na picha ya watu wanaopima kila neno na kuficha ukweli kwa ustadi. Ukiisoma yote utakuta jambo zito zaidi. Albert aliona kwamba mkulima akiwa mbele ya mtu wa cheo alitakiwa agugumize, apoteze maneno, ajifanye hajui kupanga hoja, kwa sababu ufasaha wake ungehesabiwa kuwa jeuri. Mkulima yuleyule akirudi kwa wa rika lake alikuwa msemaji hodari. Ukimya wake ulielekezwa kwa mwenye ng'ombe na mwenye amri, na kwa hao tu. Basi yule mshiriki wa semina anayemshukuru Mungu na kukaa chini upesi anafanya kile kilichofanywa na mkulima wa enzi za mwami: anajilinda na mkubwa aliye mbele yake. Mfuate jioni kwenye mishikaki, akiwa na wenzake wawili anaowaamini, uone kama hajisemi.

Na mababu, je? Tazama majina yetu. Kwa desturi ya Burundi hakukuwa na jina moja la ukoo linaloshuka kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wote. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matano yasiyofanana, na kila jina lilikuwa habari. Nyandwi hupewa mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Bukuru na Butoyi ni mapacha, wa kwanza na wa pili. Mengine yanakwenda mbali zaidi na kuutoa nje ugomvi wa jirani na jirani. Chifu mashuhuri wa enzi za Wabelgiji aliitwa Baranyanka, yaani wananichukia. Mzazi anayempa mtoto jina kama hilo huwaambia watu wa kilima chake, kila mtoto anapoitwa kula, kile ambacho leo tunaambiwa kwamba Mrundi hukimeza. Philippe Ntahombaye aliandika kitabu kizima juu ya majina ya Warundi, kikatoka Paris mwaka 1983, na anayekisoma haoni humo jamii ya mabubu. Anaona wazazi wanaosema shukrani zao, mashaka yao, uchungu wa kufiwa na watoto, hata lawama kwa majirani, na kuvitundika vyote juu ya mtoto avitembeze maisha yake yote.

Kuna pia kwivuga. Shujaa na mchungaji wa zamani walisimama mbele ya watu wakajitaja: mimi ndiye fulani, niliyefanya hivi, ninayeogopwa kwa hili, mwenye ng'ombe wa namna hii. Wanafunzi wa fasihi simulizi nchini Kenya na Tanzania wanaifahamu fani hiyo kwa jina la vivugo au majigambo, na Wahaya wa Kagera ni mabingwa wake mpaka leo. Kwa hiyo mtu kusimama na kusema lililo lake peke yake kulikuwa sanaa iliyofundishwa na kupigiwa makofi, na aliyeshindwa kujisema ndiye aliyeona haya.

Watetezi wa ukimya hupenda sana kumleta mushingantahe, mzee mwamuzi wa kilima, awe shahidi. Huyo, wanasema, ndiye kielelezo cha Mrundi: mzito, mtunza siri. Ni kweli alitunza siri, ila tuulize siri za nani. Mtu hakufikia ubushingantahe kwa kutojulikana. Alikaa muda mrefu akitazamwa na watu wa kilima chake: anakunywa namna gani, anasema nini na mkewe, hasira yake inawaka wapi, ana madeni kwa nani. Kabla ya kutawazwa, waliomfahamu walikuwa na nafasi ya kumpinga. Alitunza siri za waliomjia na kesi zao. Maisha yake mwenyewe yalikuwa wazi, na kwa sababu yalikuwa wazi ndipo watu wakamwamini na ya kwao. Sisi tumeligeuza jambo hili juu chini. Leo mtu anakaa mezani akieleza mimba ya binti wa jirani na madeni ya shemeji yake, halafu akiulizwa lolote juu yake mwenyewe anakumbuka kwamba Mrundi hajisemi.

Kama ukimya huu hatukuurithi kwa mababu, tuliupata wapi? Tuliupata katika miaka tunayoweza kuitaja moja moja.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia kusini mwa nchi na kuua. Serikali ya Rais Micombero ilijibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, na kwanza kabisa waliosoma: wanafunzi wa chuo kikuu, walimu, makarani, wauguzi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000, katika miezi michache. Sasa fikiria maana yake kwa habari ndogondogo za mtu. Kwamba ulifika sekondari, kwamba unapenda vitabu, kwamba una mwandiko mzuri: mambo ya kujivunia yakawa mambo ya kukupeleka kaburini. Wapo wazazi waliokataa kupeleka watoto shule kwa miaka mingi baadaye, na walikuwa na sababu. Wajane walilia ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kwa kuwa kumlilia hadharani mtu aliyeitwa msaliti kulikuwa hatari. Mtoto aliyekua katika nyumba kama hiyo alijifunza adabu moja: usiseme. Chini ya Rais Bagaza, kuanzia 1976 hadi 1987, kutaja kabila mbele za watu kulikuwa mwiko, ingawa kabila ndilo lililoamua mengi. Kisha tarehe 21 Oktoba 1993 akauawa Rais Melchior Ndadaye, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa, na mji huu ukakatwa vipande. Kamenge na Kinama upande mmoja. Ngagara, Nyakabiga na Musaga upande mwingine. Buyenzi nayo ilionja damu, hasa mwezi Machi 1995, lakini ilibaki mtaa wa watu wa kila namna, na wengi waliokimbizwa kwingine walipata mkeka huku.

Huo ndio ukoo wa sentensi yetu. Kijana wa leo akiambiwa kwamba Mrundi hajisemi, anafundishwa hekima ya mtu aliyekuwa amejificha darini. Hekima hiyo iliokoa roho za watu na siidharau hata kidogo. Ninachokataa ni kuiita utamaduni, kana kwamba ilitoka kwa mfalme wa kale Ntare Rushatsi pamoja na ngoma.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mimi silali pasipo redio. Haijalishi kinachosemwa, iwe mahubiri, iwe mpira, iwe lugha nisiyoielewa, lazima kuwe na sauti ya mtu hewani. Asubuhi ile ya Oktoba 1993 redio ya taifa ilikaa kimya, na habari za mapinduzi Warundi walizipata kupitia Redio Rwanda. Mwezi Mei 2015, jaribio la mapinduzi lilipotokea, redio za binafsi za mji huu zilishambuliwa na kuharibiwa ndani ya saa chache. Kwangu redio iliyonyamaza ni mlango unaovunjwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeijua tabia hiyo nje ya nyumba yangu.

Siku niliyoitaja kijiweni, hakuna aliyecheka. Fundi wa magari aliyekuwa karibu yangu aliweka kikombe chini akasema: "Miye ni viatu, mzee. Silalagi kama viatu haviko pembeni ya kitanda, na kamba zake zimeshafunguliwa." Mama anayeuza ndagala hapo jirani akasema yeye kila jioni hupika chakula cha watu wawili zaidi, na hakuna aliyemuuliza wawili hao ni akina nani. Mtu mwingine wa makamo, ambaye hatukuwahi kumsikia akitaja mtaa alikokulia, akasema hakai mahali popote akaupa mlango mgongo. Hata kwenye ibada hutafuta nguzo. Kabila la mtu halikutajwa. Dini haikutajwa. Lakini kila mmoja aliyekuwa pale aliondoka akijua kwamba wenzake nao walikuwa na umri fulani katika mwaka fulani, na kwamba walikuwa wamelala sakafuni wakisikiliza hatua za watu nje, kama yeye.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imekuwa ikifukua makaburi. Februari 2020 ilitangaza kwamba makaburi sita ya Karusi yalitoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Kazi hiyo lazima ifanyike, na majina ya waliolala humo lazima yatafutwe. Lakini hakuna tume itakayofukua viatu vilivyofunguliwa kamba pembeni ya kitanda cha fundi. Vile vinatoka kwa hiari ya mwenyewe, mbele ya watu anaowaamini, au havitoki kamwe. Tukimfunga mdomo kwa kumwambia kwamba watu wa heshima hawajisemi, tumezika kitu ambacho hakuna mtu mwingine anajua kilipo.

Wala sidai kwamba kila kijitabia ni kovu. Namjua fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano bila kupiga mluzi, na msichana wa chuo anayekula parachichi kwa chumvi na sukari kwa pamoja, na mzee ambaye kila baiskeli aliyowahi kumiliki aliipa jina la mke ambaye hakumpata. Mambo haya hayana historia ya kitaifa nyuma yake, na kwa hilo yana thamani yake. Mtu ambaye nchi yake imemuuliza swali moja tu tangu azaliwe, wewe ni wa upande gani, ana haki ya kuulizwa jingine. Ana haki ya kujulikana kwa kitu ambacho hakigawanyiki mara mbili.

Hapa najua nitajibiwa, na jibu lenyewe ni zito kuliko yote: walioua walikuwa majirani. Walijuana. Walikunywa impeke kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na hilo halikuzuia panga. Kwa hiyo kujuana kuna faida gani?

Sitalikwepa. Ni kweli, na sisemi kwamba kujua mtu anaogopa paka kunamzuia muuaji. Lakini tuangalie pia upande wa waliokataa kuua. Studio Ijambo, iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1995, ilikuwa na kipindi kiitwacho Inkingi y'Ubuntu kilichowatafuta watu waliowaficha na kuwaokoa wenzao wa kabila jingine, kikawapa nafasi ya kusimulia. Studio hiyohiyo ilirusha kuanzia 1997 tamthilia ya Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, juu ya familia mbili jirani, Wahutu na Watutsi, na nchi iliyokuwa vitani ikakaa kuisikiliza. Ilisikilizwa kwa sababu ilishuka mpaka jikoni. Msikilizaji aliwajua watu wale kwa tabia zao, mmoja mmoja, na hakuweza tena kuwaweka kwenye fungu.

Zaidi ya hayo kuna Buta. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, wapiganaji waliingia seminari ndogo ya Buta, Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Vijana arobaini waliuawa. Watu husimulia tukio hili kama muujiza ulioshuka asubuhi ile. Gambera wao, Padri Zacharie Bukuru (huyo naye jina lake ni la pacha wa kwanza), alieleza baadaye kilichotangulia: tangu vita vilipoanza mwaka 1993, pale seminarini waliamua kuzungumza wazi, pamoja, hata juu ya yale yaliyowaogopesha wao kwa wao, na wakacheza na kusali na kufanya kazi pamoja bila kukubali kugawanywa. Ilichukua miaka. Vijana wale hawakuulizana makabila siku ya kufa kwa kuwa walikuwa wameshaambiana mengi mno. Anayeniambia kwamba kujisema ni upuuzi wa watoto, nampeleka kwenye makaburi arobaini ya Buta, nayo ni makaburi ya watoto wa shule.

Jibu la pili ninalopewa ni la husuda na uchawi. Ukisema unachokipenda, watakutilia sumu humo. Ukisema unachokiogopa, watakuletea. Wapo wahubiri na walimu wa mafanikio wanaoirudia hoja hii kila Jumapili kwa sauti kubwa, nayo methali ya Kirundi inaitwa kuja kuipa nguvu: neno likupendalo hukaa tumboni. Methali ni nzuri. Lakini Warundi haohao wana nyingine inayosema kwamba atakaye kupona ugonjwa huutangaza, na Waswahili tunajua kwamba mficha uchi hazai. Anayechagua methali moja na kuificha nyenzake hasemi kwa niaba ya wazee. Na tuwe wakweli: mtu mbaya anayetaka kukudhuru anahitaji kujua unapokaa, unacholipwa na unarudi saa ngapi. Hayo ndiyo ya kutunza. Nayo ndiyo tunayoyamwaga ovyo kwenye simu zetu, picha ya nyumba mpya, picha ya gari, picha ya mtoto na sare ya shule yake, huku tukijisifu kuwa hatujisemi.

Maana hilo nalo si kujisema. Anayeonyesha suti na keki ya harusi anaonyesha kile ambacho kila mwenye fedha anaweza kununua. Hakuna hata chembe ya yeye humo. Sitetei hilo, wala sitetei mtu kulazimishwa. Yapo mambo ambayo ni ya daktari na mgonjwa, ya mume na mke, ya mja na Mola wake, na anayeyachimbua kwa mwenzake anafanya dhuluma. Ninachotetea ni haki ya mtu kutoa lililo lake, kwa wakati wake, bila kuambiwa kwamba amevunja heshima ya taifa.

Anayetaka kuona heshima ilivyo, amtazame Francine Niyonsaba. Alizaliwa Ruyigi mwaka 1993, akaipatia Burundi medali ya fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016. Minong'ono juu ya mwili wake ilizagaa viwanjani na magazetini, na wengine waliongea badala yake. Mwaka 2019 aliongea mwenyewe: akasema wazi kwamba mwili wake, kwa maumbile, una kiwango cha juu cha testosterone. Mwanamke kutoka Ruyigi, mbele ya dunia nzima, alisema jambo ambalo wengi wasingemwambia dada yao. Kanuni za riadha zilimtaka apunguze homoni au aache mbio zake. Alihamia mbio ndefu, akawa wa tano katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Septemba 2021 huko Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Mwaka 2023 kanuni zikapanuliwa mpaka mbio zote. Msiniambie kwamba ulimi wake ndio uliomponza. Kanuni hizo zingemfikia hata kama angekaa kimya mpaka kaburini. Tofauti ni kwamba sasa habari ya mwili wake ina maneno yake mwenyewe ndani yake. Ukiwauliza watu wa Bujumbura kama Niyonsaba ni Mrundi wa heshima, wote watakujibu ndiyo. Basi sentensi yetu imekufa hapo, na tunaendelea kuitembeza.

Limebaki neno "Mswahili." Katika nchi hii neno hilo bado hurushwa kama jiwe: Mswahili ni mdomo, Mswahili ni ujanja, Mswahili hana siri. Nataka walirushao wakumbuke mambo mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwanamfalme Louis Rwagasore alipotafuta watu wa kusimama naye kudai uhuru, Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujitokeza, bila kificho, wakati kujificha kulikuwa na faida. Na watu walipokimbia mitaa yao miaka ya tisini, walikuja kwenye mtaa huu wa wasemaji sana. Waliofichwa katika vyumba vya nyuma vya Buyenzi hawakusalitiwa na midomo yetu mirefu. Anayeongea habari zake anaweza kufunga mdomo juu ya habari zako, na ushahidi wake uko hai, umeshika biashara na unalea watoto.

Nawaomba wazee wenzangu wa mji huu, wa Buyenzi na wa Kiriri, wa Musaga na wa Kamenge. Watoto wenu wanawajua kwa ada ya shule, kwa amri na kwa kikohozi cha asubuhi. Hawajui kwa nini hamkai mkaupa mlango mgongo. Waambieni sasa, mkiwa na sauti. Na mkitaka kuwafundisha kunyamaza, wafundisheni kunyamazia siri za watu wengine. Kuhusu zao, waacheni waseme, na anzeni ninyi.